Victor Hess na Miale Itokayo Juu

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2021, katika nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, yapata kilomita mia moja kutoka jijini Windhoek, darubini za kituo kiitwacho H.E.S.S. ziligeuzwa zikaelekezwa kwenye nyota moja ya kundi la Ophiuchus. Nyota hiyo, RS Ophiuchi, kwa kawaida haionekani bila darubini. Siku moja iliyotangulia ilikuwa imelipuka, na sasa hata mtu asiye na chombo chochote mkononi aliweza kuiona. Wanafalaki huiita nyota ya namna hii nova, neno la Kilatini lenye maana ya mpya, ingawa si mpya hata kidogo. Ni nyota kongwe ambayo hupandwa na ghadhabu kwa muda, kisha ikarejea katika unyonge wake.

Darubini hizo hazikuwa zikitafuta nuru ya kawaida. Zilitafuta miale ya gama yenye kawi kubwa mno, ambayo kila chembe yake huipiku chembe ya nuru tuionayo kwa macho kwa mara bilioni mia moja hivi. Setilaiti ilikuwa imewahi kunasa miale ya gama kutoka kwa nova mwaka 2010, lakini ilikuwa ya kawi ya chini zaidi. Miale ya kiwango hiki haikuwa imewahi kuonekana ikitoka kwenye nova yoyote. Mara hii ikaonekana. Jina la kituo chenyewe lilitungwa kwa makusudi ili herufi zake za mwanzo zimuenzi Victor Franz Hess, mwanafizikia Mwaustria aliyefariki mwaka 1964, na ambaye miaka 109 na siku moja kabla ya mlipuko huo alipanda baluni kwenda kutafuta chanzo cha miale ambayo wenzake wengi waliamini kwamba hutoka ardhini.

Hess alizaliwa tarehe 24 Juni 1883 katika kasri la Waldstein, karibu na mji mdogo wa Peggau, jimbo la Styria. Neno kasri lisimpotoshe msomaji. Baba yake, Vinzenz Hess, hakuwa mwinyi. Alikuwa mwangalizi wa misitu ya ukoo wa kitawala wa Oettingen-Wallerstein, na kasri lilikuwa mali ya mwajiri. Kijana huyo alisomea shule ya sekondari mjini Graz, akaendelea katika chuo kikuu cha mji uo huo, na mwaka 1906 akahitimu shahada ya uzamifu. Nia yake ilikuwa kuelekea Berlin ili awe mwanafunzi wa Paul Drude, bingwa wa taaluma ya nuru. Majuma machache kabla ya safari, Drude alijiua. Hess, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu, akabaki na mizigo iliyofungwa na mahali pa kwenda pametoweka. Akaishia Vienna, kwa Franz Exner na Egon von Schweidler, ambao shughuli yao haikuwa nuru bali umeme wa hewani na madini nururifu. Kwa hakika, laiti Drude angaliishi, huenda historia ya miale hii ingaliandikwa kwa jina jingine.

Mwaka 1910 Taasisi ya Utafiti wa Rediamu ilifunguliwa jijini Vienna, na Hess akawa msaidizi wa mkurugenzi wake, Stefan Meyer. Humo ndimo alimokutana na fumbo lililokuwa likiwasumbua wanafizikia wa Ulaya. Chombo kiitwacho elektroskopu huwa na vijikaratasi viwili vyembamba vya dhahabu. Kikitiwa umeme, vijikaratasi hivyo husukumana na kuachana. Umeme ukivuja, hukaribiana tena. Ajabu ni kwamba umeme ulivuja hata chombo kilipozibwa barabara na kuwekwa mbali na kitu chochote nururifu. Palikuwa na kitu kilichopenya kuta za chuma na kuzivunja atomu za hewa iliyokuwa ndani, zikawa chembe zenye chaji. Maelezo yaliyokubalika yalikuwa mepesi: ardhi ina urani, rediamu na jamaa zao, madini hayo hutoa miale ya gama, miale hiyo ndiyo mharibifu.

Maelezo hayo yangeweza kupimwa. Ikiwa miale hutoka ardhini, basi kadiri mtu anavyopaa ndivyo inavyopaswa kupungua. Theodor Wulf, padri Mjesuti aliyekuwa stadi wa kuunda vipimaji, alikipeleka chombo chake kwenye kilele cha Mnara wa Eiffel jijini Paris mwaka 1910. Miale ilipungua, lakini kwa kiasi kidogo kuliko hesabu zilivyotaka. Albert Gockel wa Uswisi alipanda baluni na chombo kama hicho, na hakuuona upungufu uliotarajiwa. Naye Mwitalia Domenico Pacini alifuata njia ya kinyume: alizamisha chombo chake baharini karibu na Livorno mwaka 1911, akaona miale ikipungua ndani ya maji, akasema kwamba sehemu yake haiwezi kuwa inatoka ardhini. Wote watatu walikuwa wamegusa mlango. Hakuna aliyeusukuma ukafunguka.

Alichokifanya Hess kwanza hakikuwa cha kusisimua, nacho ndicho kinachoonyesha alikuwa mtu wa aina gani. Kabla ya kupaa popote alipima mwenyewe, kwa kutumia rediamu ya taasisi yake, jinsi miale ya gama inavyomezwa na hewa. Matokeo yalithibitisha kwamba katika kimo cha mita 500 miale ya ardhini inapaswa kuwa imekwisha karibu yote. Sasa alikuwa na kipimo cha kulinganishia. Lolote ambalo lingepatikana juu ya kimo hicho halingeweza kusingiziwa udongo.

Alipaa mara mbili mwaka 1911 na mara saba mwaka 1912. Safari ya tarehe 17 Aprili 1912 aliipanga iangukie siku ya kupatwa kwa jua; mwezi ulipolifunika jua, usomaji wa vyombo haukushuka. Alipaa pia usiku, na usiku haukutofautiana na mchana. Basi chanzo kikuu hakikuwa jua. Lakini baluni za Vienna zilijazwa gesi ya kawaida ya mjini, iliyo nzito, na hazikuweza kufika mbali. Kwa safari ya saba alikwenda Aussig, mji wa Bohemia ambao leo unaitwa Ústí nad Labem katika Jamhuri ya Czech, ambako haidrojeni ilipatikana.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1912, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, baluni iitwayo Böhmen iling'oa nanga ikiwa na watu watatu: rubani, mtaalamu wa hali ya hewa, na Hess akiwa na vipimaji vitatu vya Wulf. Vyombo vilikuwa vitatu kwa sababu alijua kwamba kimoja kikisema jambo la ajabu watu watakishuku chombo. Vitatu vikisema kwa kauli moja, itabidi wasikilize. Katika kilomita ya kwanza usomaji ulipungua kidogo, kama ilivyotarajiwa. Kisha ukaanza kupanda, na kuzidi kupanda. Baluni ilifika mita 5,350 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kidogo kuliko Batian, kilele kirefu cha Mlima Kenya, katika kikapu kilicho wazi na hewa iliyo haba. Huko karibu na kilomita tano, miale ilikuwa mara mbili au zaidi ya ile ya ardhini. Adhuhuri baluni ilitua karibu na Pieskow, mashariki ya Berlin.

Hess alitoa hitimisho lake kwa maneno machache: ipo miale yenye uwezo mkubwa wa kupenya, nayo huingia katika angahewa kutoka juu. Aliwasilisha matokeo hayo mjini Münster mwezi Septemba na kuyachapisha Novemba mwaka uo huo.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo alipigiwa makofi. Wengi walisema vyombo vilidanganywa na baridi au unyevu. Mjerumani Werner Kolhörster, ambaye mwanzoni alikuwa na shaka, alipaa hadi mita 9,300 na kuthibitisha kila kitu. Safari yake hiyo kuu ilifanyika tarehe 28 Juni 1914, siku ile ile mrithi wa ufalme wa Austria alipouawa mjini Sarajevo. Vita vikaja, na mjadala ukalala.

Ulipoamka ulikuwa umehamia Marekani. Robert Millikan, mshindi wa Tuzo ya Nobel na mtu mwenye sauti kubwa, alirusha baluni zisizo na watu kule Texas mwaka 1922, akatangaza kwamba hakuona dalili za miale ya Hess. Mwaka 1925 alizamisha vyombo katika maziwa ya milimani huko California, akabadilisha kauli: miale ipo, nayo hutoka anga za mbali. Yeye ndiye aliyeipa jina lililodumu, miale ya kosmiki. Magazeti ya Marekani yakaipa jina jingine, miale ya Millikan. Hess, mtu mpole kwa tabia, hakuweza kulimeza hilo. Alichukua kalamu na kukumbusha kwa maandishi ni nani aliyepaa, lini, na alipima nini. Wapo wanaoona kwamba kugombea sifa ni jambo lisilompendeza msomi. Lakini ikumbukwe kwamba Hess hakudai asichokifanya, alidai tarehe.

Wakati huo maisha yake mwenyewe yalikuwa yamechukua mikondo mingine. Mwaka 1920 alimwoa Bertha Warner Breisky, mwanamke mwenye asili ya Kiyahudi, na kupata kazi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Graz. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1923 alikuwa likizoni Marekani, akiongoza maabara ya utafiti ya kampuni ya U.S. Radium huko Orange, New Jersey. Wasifu wa haki hauwezi kuliruka jina hilo. Ndiyo kampuni ambayo wasichana wake walipaka rangi yenye rediamu kwenye nyuso za saa, wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao, na wengi wakaugua na kufa. Sayansi ya rediamu ilikuwa bado haijajifunza kuogopa. Hess mwenyewe alilipa sehemu yake: miale iliunguza mkono wake, na katika miaka ya 1930 madaktari walilazimika kumkata kidole gumba.

Mwaka 1931 alihamia Innsbruck na kuanzisha kituo cha kupimia miale ya kosmiki kwenye mlima Hafelekar, mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kilichomshughulisha sasa kilikuwa swali ambalo baluni haikuweza kulijibu: ikiwa miale hutoka juu, juu wapi? Desemba 1934 nova iling'aa katika kundi la Hercules. Swali likazuka upesi iwapo nyota hiyo inayolipuka ilikuwa ikiongeza miale inayofika duniani. Hess na mwenzake Rudolf Steinmaurer walikuwa miongoni mwa waliolichunguza, na mwaka 1935 waliandika kulihusu katika jarida la Nature. Hapakuthibitika ongezeko lolote kutoka kwa nova hiyo.

Kwa nini haikuwezekana? Sababu haikuwa uzembe. Miale ya kosmiki kwa sehemu kubwa si miale kamwe. Ni protoni na viini vya atomu, chembe zenye chaji ya umeme. Chembe yenye chaji ikisafiri kati ya nyota hupindwa huku na huko na uga wa sumaku, hata ikifika duniani imesahau ilikotoka. Ni kama barua iliyofutwa anwani ya mtumaji. Hess angeweza kuketi Hafelekar karne nzima akizihesabu barua hizo asijue nani aliyezituma. Kilichohitajika ni mjumbe asiye na chaji, anayezaliwa pale pale chembe hizo zinapozaliwa na anayesafiri bila kupindwa. Mjumbe huyo ni miale ya gama, ile ile ambayo Hess alianza nayo kazi Vienna. Katika miaka ya 1930 hapakuwa na chombo cha kuinasa kutoka kwa nyota.

Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1936, miaka ishirini na minne baada ya safari ya Aussig. Aliigawana na Carl Anderson, kijana wa Marekani aliyegundua positroni ndani ya miale iyo hiyo. Mcheza kwao hutuzwa, na mwaka 1937 Hess alirudi Graz kwa heshima. Heshima hiyo haikudumu mwaka. Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria. Hess alikuwa Mkatoliki thabiti aliyekuwa mjumbe wa baraza moja la serikali iliyopinduliwa, na mkewe alikuwa na asili ya Kiyahudi. Alikamatwa kwa muda, akafutwa kazi, akanyimwa pensheni, na fedha za Nobel alizokuwa ameziweka Uswidi akashurutishwa kuzibadilisha ziwe hati za hazina ya Ujerumani. Alipoonywa kwamba yeye na mkewe wangekamatwa, walivuka mpaka wakaingia Uswisi. Mwishoni mwa mwaka huo walikuwa New York, ambako Chuo Kikuu cha Fordham kilimpa nafasi ya uprofesa. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, naye alianza upya katika lugha ya ugenini. Mwaka 1944 alichukua uraia wa Marekani.

Huko hakuacha kupima. Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchunguza unururifu ulioanguka kutoka hewani nchini Marekani, na alibeba vyombo vyake hadi juu ya jengo la Empire State, na pia chini, kwenye kituo cha treni kilichochimbwa ndani ya mwamba wa New York. Pamoja na William McNiff alibuni njia ya kutambua kiasi kidogo sana cha rediamu ndani ya mwili wa binadamu kwa kupima miale ya gama inayotoka mwilini. Kwa mtu aliyewahi kufanya kazi Orange, huo haukuwa utafiti wa kujifurahisha tu. Aidha, alipinga waziwazi majaribio ya silaha za nyuklia. Bertha alifariki mwaka 1955, na mwaka huo huo Hess akamwoa Elizabeth Hoenke, aliyekuwa amemuuguza marehemu. Hakuacha mtoto. Alifariki tarehe 17 Desemba 1964 huko Mount Vernon, New York, baada ya kuugua ugonjwa wa Parkinson.

Chombo ambacho Hess alikikosa kilianza kujengwa Namibia mwanzoni mwa karne hii. Darubini ya kwanza ya H.E.S.S. ilianza kazi mwaka 2002, nne zikakamilika mwishoni mwa 2003, na ya tano, yenye kioo cha kipenyo cha mita 28, ikazinduliwa mwaka 2012, karne moja baada ya safari ya Aussig. Miale ya gama haifiki ardhini. Hugonga hewa na kuzua manyunyu ya chembe, nazo hutoa mmweko wa samawati unaodumu kwa sehemu chache za bilioni za sekunde. Mmweko huo ndio unaonaswa na vioo vya Khomas. Hewa ile ile ambayo Hess aliibeba ndani ya masanduku ya chuma imegeuzwa kuwa chombo chenyewe.

RS Ophiuchi ni nyota mbili zinazozungukana kwa muda wa siku 453 hivi. Moja ni kibete cheupe, mabaki ya nyota yaliyoshindiliwa hata uzito unaozidi wa jua ukatoshea katika umbo lenye ukubwa kama wa dunia. Nyingine ni jitu jekundu linalopoteza gesi yake bila kukoma. Gesi hiyo hulundikana juu ya kibete hadi joto na mkandamizo viwashe moto wa nyuklia, na tabaka zima hufyatuka. Nyota hiyo ililipuka mwaka 1898, 1933 na 1958, yote Hess akiwa hai, na mara nyingine baadaye kabla ya 2021.

Agosti 2021 gesi iliyofyatuka iligonga upepo wa jitu jekundu na kuzua wimbi kali la mshtuko. Chembe zilizonaswa katika wimbi hilo zilirushwa mbele na nyuma, kila mara zikiongezewa kasi. Miale ya gama ya kawi ya chini, iliyopimwa na setilaiti ya Fermi, ndiyo iliyotangulia kufikia kilele. Ile ya kawi kubwa iliyopimwa Namibia ilikifikia siku mbili baadaye. Kuchelewa huko ndiko kulikowafurahisha wataalamu, kwani kunaonyesha muda ambao chembe zilihitaji kupanda ngazi hadi juu. Maelezo yanayoafikiana vyema na vipimo ni kwamba chembe hizo zilikuwa protoni hasa. Kwa maneno mengine, miale ya kosmiki ilionekana ikitengenezwa, usiku baada ya usiku. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, na darubini za MAGIC katika kisiwa cha La Palma, zilizoiona nova iyo hiyo, zikatoa ushahidi wao mwaka huo.

Haina maana kwamba swali la Hafelekar limejibiwa lote. Nova ni chache na dhaifu mno kuweza kuwa chanzo cha miale yote ya kosmiki. Milipuko mikubwa zaidi ya nyota ndiyo inayodhaniwa kubeba sehemu kubwa ya mzigo. Katikati ya Agosti mbalamwezi ilizifumba darubini za Khomas kwa siku kadhaa. Zilipofumbuliwa, miale ya RS Ophiuchi ilikuwa bado inaonekana, ingawa kwa unyonge, hadi mwezi mmoja hivi baada ya mlipuko. Kisha ikafifia, na jitu jekundu likaendelea kuudondoshea ule mwili mdogo gesi yake.